Safari ya Ndege kutoka Beni mpaka Kinshasa

Fundi mmoja wa kushona, mtu wa Beni, alikuwa na ndugu yake Kinshasa. Siku moja alipata nafasi ya kwenda kumsalimu. Akatoka asubuhi mapema, akafuata barabara ya Oicha mpaka uwanja wa ndege wa Mavivi, akapanda. Ndege iliruka saa mbili kamili za asubuhi. Iliposhuka Kinshasa, katika uwanja wa Ndjili, fundi alimwuliza mchukuzi wa mizigo, naye akamjibu, «Saa nne na nusu, baba.»

Fundi akapiga simu nyumbani. Aliyepokea ni binti wa kaka yake, mtoto wa darasa la sita, apendaye sana hesabu. Mtoto akaandika katika daftari lake: Kwenda, saa 2 na dakika 30.

Baada ya juma moja fundi akarudi. Ndege ilitoka Kinshasa saa sita za mchana, nayo ikagusa udongo wa Mavivi saa kumi na nusu. Mtoto akaandika: Kurudi, saa 4 na dakika 30. Kisha akatazama maandiko yake mawili, akashangaa.

«Baba mdogo, ndege ile ilichoka wakati wa kurudi?»

Fundi akacheka. «Hapana, mwanangu. Ilikuwa ndege ile ile. Mimi niliketi tu, kwenda na kurudi, nikaona muda uleule. Miguu yangu ndiyo iliyochoka.»

Mtoto hakuridhika na jibu hilo. Kesho yake alipeleka daftari kwa mwalimu. Mwalimu akasoma, akatabasamu, wala hakumjibu. Alitundika ukutani ramani ya Kongo, akaagiza uzi mrefu, akawaita wanafunzi wote waje mbele.

Kazi ya kwanza ni kupima njia. Ramani ile ilikuwa na kipimo hiki: sentimeta 1 ya karatasi ni kilometa 50 za nchi. Mtoto mmoja alishika mwanzo wa uzi juu ya Beni, mwingine akauvuta mpaka Kinshasa, ukanyoka. Wakaupima kwa rula. Sentimeta 33. Basi 33 mara 50 ni 1,650. Kutoka Beni mpaka Kinshasa ni kilometa 1,650 hivi, kwa njia iliyonyoka kama mkuki.

Lakini nani hupita njia iliyonyoka kama mkuki? Ndege peke yake. Mtu akitaka kwenda kwa nchi na kwa maji, itampasa kwanza aelekee kaskazini mpaka Komanda, apinde magharibi, apite Mambasa, Epulu, Nia-Nia na Bafwasende ndani ya msitu mkubwa, ndipo afike Kisangani, mji ulioitwa Stanleyville mpaka mwaka 1966. Hapo amekwisha kwenda zaidi ya kilometa 700, na wakati wa mvua matope ya njia ile huwashinda hata madereva wa malori walioizoea. Toka Kisangani atashuka mto Kongo kwa mashua, akipita Bumba, Lisala na Mbandaka. Mto ule hauendi kwa haraka ya kufika; unapinda kama upinde mkubwa juu ya ikweta, na urefu wake kati ya Kisangani na Kinshasa unapita kilometa 1,700. Jumlisha: safari yote ni kilometa 2,400 na zaidi. Watu huihesabu kwa majuma, wala si kwa saa.

Iko njia nyingine ya kupima, isiyotaka uzi. Dunia ni mviringo, na mzunguko wake katika ikweta ni karibu kilometa 40,000. Wenye elimu wameugawanya mviringo huo katika sehemu 360, na kila sehemu ni digrii moja. Gawanya 40,000 kwa 360: digrii moja ni kilometa 111. Sasa watoto wa Beni na Butembo wana bahati katika hesabu hii, kwa sababu wanakaa karibu kabisa na ikweta. Mstari wenyewe unapita kati ya Butembo na Lubero. Mtu atokaye Butembo kwenda Lubero kwa motokari huuvuka bila kuuona. Mbali na ikweta, kama katika Ulaya, mistari ya longitudo inakaribiana, na digrii moja ya kwenda mashariki au magharibi ni fupi kuliko kilometa 111. Hapa kwetu hesabu ni nyepesi.

Ijaribuni kwa Kisangani. Beni iko katika digrii 29 na nusu mashariki ya mstari wa Greenwich, katika mji wa London. Kisangani iko katika digrii 25 na robo. Miji hiyo miwili iko karibu sawasawa kaskazini ya ikweta, kila mmoja nusu digrii, basi hakuna hesabu ya kusini. Tofauti ni digrii 4 na robo. Mara 111, ni kilometa 470 hivi. Ndege inaokoa zaidi ya kilometa 200 kwa sababu tu haipindi kona.

Sasa turudi kwa ndege ya fundi. Ilikuwa ndege yenye mapanga mawili yanayozunguka. Tuseme mwendo wake ni kilometa 500 kwa saa. 1,650 kugawanywa kwa 500 ni 3 na sehemu 3 za kumi, maana yake saa 3 na dakika 18. Mwongeze dakika 12, kwa kuwa ndege hairuki ghafla kwa mbio zake zote: hupanda polepole, na inapokaribia uwanja hupunguza mwendo na kuzunguka ili ielekee njia yake ya kushukia. Jumla ni saa 3 na dakika 30. Ndege kubwa za jeti huenda mbio zaidi. Yenye mwendo wa kilometa 825 kwa saa ingemaliza kilometa zile zile kwa saa 2.

Lakini daftari la mtoto halisemi saa 3 na nusu. Linasema 2 na nusu kwenda, na 4 na nusu kurudi.

Mvulana mmoja wa nyuma akainua mkono. «Mwalimu, ni upepo!» Hakusema neno la kipumbavu. Upepo ni kitu kikubwa kwa ndege. Upepo wa kilometa 50 kwa saa ukiisukuma ndege kwa nyuma, mwendo wake juu ya nchi unakuwa 550, na kilometa 1,650 zinakwisha kwa saa 3 kamili. Upepo uleule ukiipiga usoni, mwendo ni 450, na safari ni saa 3 na dakika 40. Ndiyo maana rubani haanzi safari kabla ya kupata habari za upepo, na ndiyo maana huchukua mafuta kupita hesabu ya njia. Hata hivyo tazameni: kati ya upepo mzuri na upepo mbaya ni dakika 40 tu. Daftari linadai saa 2. Upepo hauwezi kulipa deni hilo lote.

Jibu halimo katika ndege. Limo katika jua.

Dunia huzunguka mara moja kwa saa 24. Kwa hiyo digrii 360 zinapita mbele ya jua kwa saa 24, na digrii 15 kwa saa moja. Digrii moja ni dakika 4. Jua linapochomoza Beni, nyuma ya milima ya Rwenzori, Kinshasa kungali giza. Kinshasa iko katika digrii 15 na nusu hivi, na Beni 29 na nusu. Tofauti ni digrii 14. Mara dakika 4, ni dakika 56. Mpishi wa chai wa Beni amekwisha kuwasha moto, amekwisha kuuza vikombe vyake vya kwanza na mikate, ndipo jua linapomulika mtu wa Kinshasa.

Kama kila kijiji kingefuata jua lake, Mangina ingekuwa na saa yake, Beni saa yake, na Oicha saa yake, na hakuna mtu angejua wakati wa kufika kwa ndege wala motokari. Kwa hiyo mataifa yalipatana kuigawanya dunia katika sehemu za saa nzima nzima. Kongo ni nchi pana mno. Kutoka magharibi kwenye bahari mpaka mashariki kwenye maziwa ni digrii 19 hivi. Saa moja haiitoshi. Basi ina saa mbili. Kinshasa na mikoa ya magharibi inatangulia Greenwich kwa saa 1. Kivu, Ituri, Kisangani, nchi za Kasai na za Katanga zinatangulia kwa saa 2. Na Beni imepata saa inayoifaa sana, kwa kuwa 30 ni mara mbili ya 15, na Beni inakosa nusu digrii tu kufika 30. Ndiyo sababu saa sita za mchana mtoto wa Beni anapotoka shuleni, karibu anakanyaga kivuli chake mwenyewe.

Fundi aliondoka saa mbili, akakaa angani saa 3 na nusu. Katika Beni ilikuwa saa tano na nusu alipofika. Mchukuzi wa Ndjili alimwambia saa nne na nusu, naye hakudanganya: ile ni saa ya Kinshasa. Wakati wa kurudi aliondoka saa sita za Kinshasa, ambazo ni saa saba za Beni. Ongeza saa 3 na nusu: saa kumi na nusu. Saa aliyoipata kwenda, aliilipa kurudi.

Mtoto akafuta maandiko yake, akaandika 3 na nusu mara mbili.

Wafanyabiashara wa Beni na Butembo waijua habari hii bila ramani. Waendapo Uganda kununua mali hupita Kasindi, kilometa 80 hivi kutoka Beni. Wakivuka mpaka na kuingia Mpondwe, hatua chache tu, saa inaruka mbele saa nzima, maana Uganda, kama Kenya na Tanzania, inatangulia Greenwich kwa saa 3. Jua halikuruka. Kwa jua, hata Entebbe, iliyo mbali kilometa 335 hivi, inatangulia Beni kwa dakika 12 tu. Mpaka ndio unaorusha saa, kwa amri ya watu. Na asiyekumbuka hukuta ofisi imefungwa.

Njia hiyo ya Entebbe ina neno lingine. Njiani unasimama Rwenzori, na kilele chake kirefu, Margherita, kina meta 5,109. Uzi juu ya ramani hauna habari ya mlima. Rubani anayo. Ndege yenye nguvu hupanda juu na kupita. Ndege ndogo huzunguka kaskazini au kusini, hasa mawingu yakiufunika mlima, na siku nyingi huufunika. Hapo njia fupi si njia ya haraka.

Na mara nyingine hata rubani hawezi kitu. Goma ni kilometa 240 hivi kutoka Beni kwa njia ya ndege, na karibu kilometa 350 kwa barabara. Mwezi wa Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilitapika moto, na mawe yaliyoyeyuka yalifunika sehemu ya njia ya ndege ya Goma, ikawa fupi. Mwezi wa Januari 2025 vita viliingia Goma, na uwanja ukafungwa. Wasafiri wengine wa Beni wenye shauri kule walizunguka kwa njia ya Uganda, wakavuka mipaka ya nchi za wengine ili wafike mji wa nchi yao. Watoto wa Beni hawahitaji kuelezwa sana jambo hili. Tangu mwaka 2014 mauaji yameziharibu barabara nyingi za pande hizi, na mama anayekwenda shambani haulizi tu «ni kilometa ngapi?»; anauliza pia «kuna salama?»

Mambo ya ndege na saa yanaweza kuonekana kuwa mchezo wa daftari. Lakini iko siku ambapo watu wa Beni walingoja hesabu hii kwa moyo wa hofu.

Mwezi wa Julai 2018 watu waliugua Mangina, kilometa 30 hivi kutoka Beni. Homa, kutapika, kutoka damu. Waganga walishuku ugonjwa wa Ebola, lakini kushuku si kujua, na wakati ule maabara iliyoweza kusema kwa hakika ilikuwa Kinshasa, katika taasisi ya taifa iitwayo INRB. Basi vipimo vya wagonjwa vilipaswa kusafiri hizo kilometa 1,650. Tarehe 1 Agosti 2018 wizara ya afya ilitangaza: katika vipimo 6, vipimo 4 vilikuwa na Ebola.

Fikirini muda ule. Ndege ni saa chache tu. Lakini damu haipandi ndege yenyewe. Lazima ichukuliwe na mtu aliyevaa mavazi ya kinga, ifungwe chupa ndani ya chupa, ikae katika baridi, ipite barabara ya Mangina, ingoje ndege, ishuke Ndjili, ipite mjini, ipimwe, ndipo jibu lirudi. Katika siku hizo mgonjwa ameshikwa mkono na mkewe, na mama mzee, na mganga. Kila mtu anayemgusa anaweza kuwa mgonjwa wa pili. Hapo umbali hauhesabiwi tena kwa kilometa.

Kwa hiyo wakuu wa afya hawakungoja. Siku za kwanza za mwezi ule ule wa Agosti maabara ililetwa Beni yenyewe. Kilometa 1,650 zikawa kama hakuna, na jibu la siku likawa jibu la saa. Dawa ya chanjo nayo ilifanya safari ya kinyume, kutoka magharibi kuja mashariki, na ilikuwa mzigo wenye tabia ngumu: ilitaka baridi ya digrii 60 mpaka 80 chini ya sifuri, baridi kupita theluji ya Rwenzori mara nyingi. Tarehe 8 Agosti, juma moja baada ya tangazo, watu wa kwanza walichanjwa Mangina. Hata hivyo ugonjwa ule ulidumu karibu miaka miwili, mpaka tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 walihesabiwa kuwa wagonjwa, nao 2,287 wakafa. Waliochanjwa walipita 300,000.

Linganisheni na mwaka 1976. Mwaka ule homa isiyojulikana iliwaua watu katika misioni ya Yambuku, kaskazini ya Kongo, na watawa wauguzi miongoni mwao. Hakuna mtu katika nchi yote aliyeweza kuutambua ugonjwa. Damu ya mtawa mmoja mgonjwa ilitiwa katika chupa mbili ndogo, zikawekwa na barafu ndani ya themosi, kama ile ya chai, zikapelekwa kwa ndege ya abiria kutoka Kinshasa mpaka Ubelgiji. Ni zaidi ya kilometa 6,000. Barafu iliyeyuka, na chupa moja ilipasuka. Ile ya pili iliwatosha wataalamu wa Antwerp kuona kirusi kipya kabisa, kirefu kama uzi. Kikapewa jina la mto Ebola, usio mbali na Yambuku. Mmoja wa madaktari waliokwenda Yambuku siku zile za kwanza alikuwa Mkongo, Jean-Jacques Muyembe; na mwaka 2018 yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa INRB.

Hivyo mwaka 1976 damu ilikwenda mpaka Ulaya. Mwezi wa Julai 2018 ilikwenda Kinshasa. Mwezi wa Agosti ilibaki Beni.

Kazi ya darasa

1. Ndege ya jeti yenye mwendo wa kilometa 825 kwa saa imetoka Kinshasa saa moja kamili za asubuhi, saa ya Kinshasa. Itafika Beni saa ngapi, saa ya Beni? Hesabuni kilometa 1,650, bila upepo.

2. Ndege ndogo inakwenda kilometa 320 kwa saa. Kilometa 240 za Beni mpaka Goma itazimaliza kwa dakika ngapi? Na lori likienda kilometa 35 kwa saa katika barabara ya kilometa 350, litatumia saa ngapi njiani?

3. Mfanyabiashara amefika Kasindi saa tatu za asubuhi. Amengoja nusu saa kwa ajili ya hati zake, kisha akavuka. Saa ya Mpondwe inaonyesha nini?

4. Juu ya ramani yenye kipimo cha sentimeta 1 kwa kilometa 50, uzi kutoka Beni mpaka Kisangani una urefu wa sentimeta 9 na nusu. Ni kilometa ngapi? Jibu lenu linapatana na hesabu ya digrii?

5. Beni na Kisangani zinatumia saa moja. Tofauti yao ni digrii 4 na robo. Jua likichomoza Beni saa kumi na mbili kamili, litachomoza Kisangani baada ya dakika ngapi?

6. Wagawanyikeni wawili wawili, mchore barabara ya kutoka Mangina mpaka maabara ya Beni, na njia ya kutoka Mangina mpaka maabara ya Kinshasa. Andikeni kando ya kila njia watu wote wanaoishika chupa ya damu kabla jibu halijarudi.